Gari Linapokumbuka Mwendo: Fizikia ya Kidhibiti Mwendo na Tabia Zake

Hivi karibuni nilisafiri kwa gari dogo kutoka Dodoma kwenda Morogoro, nikiwa na mwalimu mwenzangu ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha. Tulipotoka Gairo, barabara ilikuwa nyeupe mbele yetu, naye akabonyeza kitufe kimoja katika usukani, akaondoa mguu wake kwenye pedali ya mafuta, na gari likaendelea lenyewe kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Baadaye tuliingia katika kijiji chenye kibao cha kilomita 50 kwa saa. Akakanyaga breki, gari likatii. Katikati ya kijiji akataka kuliongezea mwendo kidogo tu, kama kilomita moja au mbili, kisha alishike hapo. Akabonyeza kitufe chenye alama ya kujumlisha. Ghafla injini ikanguruma na gari likaanza kutuvuta.

"Ndugu yangu, mbona tunakimbia?" nikamwuliza.

"Mimi sijakanyaga mafuta," akajibu, huku mguu wake ukirudi upesi kwenye breki.

Mbele yetu, kama mita 100 hivi, watoto wa shule walikuwa wakingoja kuvuka barabara. Tulisimama kwa salama, wakavuka, wengine wakitupungia mikono. Safari iliendelea, lakini mazungumzo yetu yalibadilika. Gari halikuwa bovu. Lilifanya sawasawa kile lililoundwa kufanya. Aliyekosea ni dereva, naye alikosea kwa sababu hakujua kwamba gari lake lina kumbukumbu.

Kifaa kilichotushtua ni kile ambacho madereva wengi hukiita kruzi kontroli. Katika makala haya tutakiita kidhibiti mwendo. Magari mengi yanayoingia nchini siku hizi yanacho, na wengi wanaokitumia hawakupata kufundishwa namna kinavyofanya kazi. Hata hivyo, kanuni zake zote zimo katika fizikia ya shule ya sekondari. Basi hebu tukifungue kifaa hiki, si kwa bisibisi, bali kwa fikra.

KIDHIBITI MWENDO SI SPIDI GAVANA

Kwanza tutenganishe vitu viwili vinavyochanganywa mara kwa mara. Spidi gavana ni kifaa cha kuweka kikomo: kinamzuia dereva asizidishe mwendo fulani, lakini chini ya kikomo hicho dereva yu huru. Nchini Kenya, kwa mfano, kanuni zilizotolewa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa mwaka 2004 ziliyataka magari ya abiria yafungwe vifaa vya namna hiyo, na kikomo kikawa kilomita 80 kwa saa. Kidhibiti mwendo ni kitu kingine. Hakimzuii dereva kuongeza mwendo. Kazi yake ni kuushika mwendo ambao dereva mwenyewe ameuchagua, panda au tambarare, pasipo mguu wa mtu kukanyaga mafuta.

Neno gavana lenyewe lina historia ndefu katika ufundi wa mitambo. Mwaka 1788 James Watt, mhandisi aliyezaliwa Uskoti, alifunga katika injini yake ya mvuke kifaa chenye tufe mbili za chuma zilizoning'inia kwenye mhimili unaozunguka. Injini ilipozidisha mwendo, tufe zilitanuka na kupanda juu, na kwa kupanda zikaufunga kidogo mlango wa mvuke. Injini ilipopunguza mwendo, tufe zilishuka na mlango ukafunguka. Vifaa vya jinsi hiyo vilikuwa vimekwisha kutumika katika vinu vya upepo. Mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell alichapisha uchunguzi wa kihisabati kuhusu gavana hizo, akaeleza kwa nini baadhi yake hutulia na nyingine huyumba bila kukoma. Uchunguzi huo huhesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya elimu ya udhibiti.

Kidhibiti mwendo cha gari kama tukijuavyo kilibuniwa na Ralph Teetor, mhandisi wa jimbo la Indiana, Marekani. Teetor alikuwa kipofu tangu utotoni. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akipakiwa garini na mwanasheria wake, mwenye gari alikuwa akipunguza mwendo kila alipozungumza na kuuongeza kila aliposikiliza. Mtu asiyeona huuhisi mwendo kwa mwili wake wote, na mtikisiko ule ulimchosha. Alipewa hataza ya kifaa chake mwaka 1950, na kampuni ya Chrysler ikakiweka katika baadhi ya magari yake ya mwaka 1958. Hivyo kifaa kinachotumiwa leo na mamilioni ya watu wenye macho kilitoka katika akili ya mtu ambaye hakuweza kuendesha gari.

MZUNGUKO WA MREJESHO

Kidhibiti mwendo kina sehemu nne. Ya kwanza ni lengo, yaani mwendo uliowekwa na dereva. Ya pili ni kipimo, yaani chombo kinachopima mwendo wa gari kwa wakati ule. Ya tatu ni mlinganishi, ambaye hutoa kipimo katika lengo na kupata tofauti. Ya nne ni mtendaji, ambaye hufungua au kufunga njia ya hewa na mafuta ya injini kwa kadiri ya tofauti hiyo. Matokeo ya kitendo hicho hubadilisha mwendo, mwendo mpya hupimwa tena, na mzunguko huanza upya. Huu ndio mrejesho.

Mfano mzuri wa mrejesho umo katika nyumba nyingi: boya la tangi la maji. Maji yanapopungua, boya hushuka na kufungua koki. Yanapojaa, boya hupanda na kuifunga. Hakuna mtu anayeisimamia koki hiyo, bali maji yenyewe hujisimamia kwa njia ya boya.

Mfano huu una funzo lingine. Ukifungua bomba la chini ili maji yatoke mfululizo, utaona kwamba usawa wa maji katika tangi haurudi pale ulipokuwa mwanzo. Hutulia chini kidogo. Sababu ni rahisi: ili koki ya juu ibaki wazi na kufidia maji yanayotoka, ni lazima boya libaki limeshuka. Pasipo upungufu, hakuna kitendo. Tuliweke funzo hili akilini, kwa maana tutalikuta tena mlimani.

KWA NINI GARI HULEGEA MLIMANI

Tuchukue gari lenye tungamo la kilogramu 1,400, likienda kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde, katika barabara tambarare. Kani mbili hulizuia. Ya kwanza ni ukinzani wa tairi zinapobiringika. Tukikadiria kuwa ni sehemu 0.012 ya uzito, tunapata

0.012 × 1,400 × 9.8 = newtoni 165 hivi.

Ya pili ni ukinzani wa hewa, ambao huongezeka kwa mraba wa mwendo. Kwa gari dogo la kawaida lenye eneo la mbele la mita za mraba 2.2 na kigezo cha umbo 0.32, katika hewa yenye densiti ya kilogramu 1.2 kwa mita ya ujazo, ukinzani huo ni

½ × 1.2 × 0.32 × 2.2 × (22.2)² = newtoni 209 hivi.

Jumla ni newtoni 374. Kwa kuwa mwendo haubadiliki, injini inatoa kani hiyo hiyo kupitia magurudumu, na nguvu inayotumika ni 374 × 22.2, yaani kilowati 8.3.

Sasa gari linafika kwenye mpando unaoinuka mita 1 kwa kila mita 20. Sehemu ya uzito inayolivuta nyuma ni

1,400 × 9.8 × 1/20 = newtoni 686.

Ili mwendo usibadilike, injini itoe newtoni 1,060, sawa na kilowati 23.5 hivi. Mpando mdogo ambao abiria aliyesinzia hautambui umeongeza kazi ya injini karibu mara tatu!

Tuseme mtendaji wetu ameundwa kwa kanuni nyepesi: kwa kila kilomita moja kwa saa inayopungua katika lengo, huongeza msukumo wa newtoni 100. Huu huitwa udhibiti wa uwiano, kwa sababu kitendo huwiana na tofauti. Je, gari litapanda kwa mwendo gani? Linahitaji nyongeza ya newtoni 686. Nyongeza hiyo haiwezi kupatikana ila mwendo upungue kilomita 686/100, yaani karibu 7 kwa saa, tukipuuza badiliko dogo la ukinzani wa hewa. Basi gari lililoagizwa kilomita 80 litapanda kwa kilomita 73 hivi, na litabaki hapo hadi mlima uishe. Ni lile boya lililotulia chini.

Mwanafunzi mwepesi atasema: tuongeze ukali wa mtendaji, newtoni 1,000 badala ya 100, na upungufu utakuwa chini ya kilomita moja. Ni kweli kwa hesabu, lakini injini huchelewa kuitikia. Mtendaji mkali mno hufungua mafuta kwa wingi, na kabla ya kuona matokeo huzidi kufungua. Mwendo hupita lengo, naye hufunga kwa pupa. Mwendo huanguka, naye hufungua tena. Gari huanza kuyumba mbele na nyuma kama mtu anayejifunza kuendesha. Ndiyo hali aliyoichunguza Maxwell.

Dawa iliyopatikana ni ulimbikizaji. Kompyuta ya gari haiangalii tofauti ya sasa peke yake. Huijumlisha tofauti hiyo sekunde baada ya sekunde, na hutumia jumla hiyo kuongeza msukumo. Maadamu upungufu upo, hata uwe mdogo namna gani, jumla huendelea kukua, na msukumo nao hukua, mpaka upungufu utoweke kabisa. Hapo jumla huacha kukua, lakini haifutiki, na hivyo msukumo wa ziada hubaki bila kuhitaji upungufu wowote. Kwa njia hii gari hurudi kwenye kilomita 80 hata likiwa bado linapanda.

Ila dawa hii nayo ina madhara yake. Gari linapofika kileleni, ile jumla iliyolimbikizwa wakati wa kupanda bado imo. Kwa sekunde chache gari huzidisha mwendo hadi tofauti ya upande wa pili iipunguze jumla hiyo. Dereva anayeshangaa kwa nini gari lake hukazana kidogo baada ya kilele ajue kwamba linalipa deni la mlima uliopita. Watengenezaji huweka vikomo ili deni hilo lisiwe kubwa.

KUTEREMKA

Katika mteremko wa kipimo kile kile, newtoni 686 sasa zinalisukuma gari mbele, huku ukinzani wote ni newtoni 374 tu. Hata njia ya mafuta ikifungwa kabisa, na tukiacha kando kizuio cha injini yenyewe, zimebaki newtoni 312 za kuliongezea mwendo, nazo hutoa mchapuko wa

312 ÷ 1,400 = mita 0.22 kwa sekunde kila sekunde.

Katika sekunde 10 mwendo utaongezeka mita 2.2 kwa sekunde, yaani kilomita 8 kwa saa. Vidhibiti vya zamani, na baadhi ya vya sasa, vina mamlaka juu ya mafuta tu. Havina mkono kwenye breki. Kwa hiyo nambari iliyoandikwa kwenye kioo cha gari yaweza kubaki 80 huku gari linakimbia kilomita 88. Dereva akiona hivyo asimlaumu fundi. Achague gia ya chini na atumie breki, kama walivyofanya madereva kabla ya kifaa hiki kuwako.

NAMBARI 80 NI 80 YA NANI?

Tulipokuwa njiani, mwenzangu aliniuliza jambo jingine. Mshale wa spidomita ulionyesha 80, lakini simu yake iliyopokea ishara za setilaiti ilionyesha 76. Nani mkweli?

Gari halipimi mwendo wa barabara moja kwa moja. Linahesabu mizunguko ya gurudumu. Karibu na gurudumu huwekwa kihisi kinachotoa mpigo mmoja wa umeme kila jino la pete linapopita mbele yake. Kompyuta huhesabu mipigo kwa sekunde, hupata mizunguko, kisha huzidisha kwa mzingo wa tairi. Mzingo huo haupimwi. Umeandikwa katika kumbukumbu ya kompyuta tangu kiwandani.

Chukua tairi lililoandikwa 195/65 R15. Maana yake ni kwamba upana wake ni milimita 195, kimo cha ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 126.75, na rimu yake ina kipenyo cha inchi 15, yaani milimita 381. Kipenyo cha tairi zima ni

381 + 2 × 126.75 = milimita 634.5,

na mzingo wake ni karibu mita 1.993. Tairi likichakaa, kina cha kashata zake kikapungua kutoka milimita 8 hadi 1.6, kipenyo hupungua milimita 12.8, na mzingo huwa mita 1.953 hivi. Hiyo ni pungufu ya asilimia 2. Kompyuta isiyojua habari za uchakavu itadhani gari linakwenda kilomita 100 kwa saa, kumbe linakwenda 98.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Wenzetu wengi hufunga tairi kubwa kuliko zilizokusudiwa ili gari liinuke na kupita kwenye barabara mbovu. Akifunga tairi la 205/70 R15, kipenyo huwa milimita 668, yaani zaidi kwa asilimia 5.3. Mwendo unaohesabiwa kuwa 80 huwa kwa kweli ni 84. Dereva huyo akisimamishwa na askari wa usalama barabarani ataapa kwamba aliweka 80, na ataapa kwa moyo safi.

Lakini tofauti ya 80 na 76 aliyoiona mwenzangu ina sababu nyingine, nayo ni ya kisheria. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa kuhusu spidomita, inayofuatwa na nchi nyingi zinazounda magari, inasema kwamba spidomita isionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya mwendo wa kweli. Na ikizidisha, isizidishe zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mwendo wa kweli pamoja na kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo gari linapokwenda kilomita 80 za kweli, spidomita yaweza kuonyesha chochote kati ya 80 na 92. Kwa maneno mengine, mshale umeruhusiwa kukosea upande mmoja tu, upande wa usalama. Mtengenezaji anayejua kwamba tairi hutofautiana huusogeza mshale juu kidogo kwa makusudi ili asivunje kanuni. Ndiyo maana setilaiti, ambayo haitegemei tairi, kwa kawaida husoma chini ya spidomita. Ndiyo maana pia, katika baadhi ya magari, nambari ya mwendo uliowekwa na mahali mshale unapotulia hupishana kidogo: moja huweza kufuata hesabu ya kompyuta na nyingine kufuata onyesho lililosogezwa.

Tabia nyingine ndogo hutokana na vipimo. Baadhi ya magari yamesanifiwa kwa hesabu ya maili, na kila mbonyezo wa kitufe huongeza maili 1 kwa saa, yaani kilomita 1.6. Dereva anayedhani ameongeza kilomita 10 kwa mibonyezo 10 ameongeza 16. Katika magari mengine, mbonyezo mfupi huongeza kilomita 1, na mbonyezo mrefu huruka kwa 5 au 10. Vilevile vidhibiti vingi vya kawaida havikubali mwendo wa chini ya kilomita 40 hivi kwa saa, kwa sababu vilikusudiwa barabara kuu wala si mitaa.

KUMBUKUMBU

Sasa turudi kijijini. Katika magari mengi kitufe kimoja hufanya kazi mbili. Upande mmoja umeandikwa SET pamoja na alama ya kutoa. Upande wa pili umeandikwa RES pamoja na alama ya kujumlisha. Kifaa kikiwa kazini, alama ya kujumlisha huongeza mwendo hatua kwa hatua. Lakini dereva akikanyaga breki, au klachi kwa gari lenye gia za mkono, kifaa huacha kazi bila kusahau lengo lake. Tangu hapo kitufe kile kile kina maana nyingine kabisa: rudi kwenye mwendo uliokumbukwa. Mwenzangu aliomba kilomita moja. Gari likasikia themanini.

Tupime ukubwa wa kosa hilo. Gari likichapuka kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, litatoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa katika sekunde 8.3, na katika muda huo litasafiri mita 150. Huo ni umbali mfupi kuliko vijiji vingi vilivyojipanga kando ya barabara.

Nishati ya mwendo hufuata mraba wa mwendo. Gari letu la kilogramu 1,400 lina kilojouli 135 likiwa kwenye kilomita 50, na kilojouli 346 likiwa kwenye 80, yaani mara 2.56. Tumpe dereva sekunde moja ya kushtuka, na breki zenye kupunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde kila sekunde. Kutoka kilomita 50 kwa saa, gari litasimama baada ya mita 28 hivi: karibu 14 za kushtuka na 14 za breki. Kutoka kilomita 80, litahitaji mita 57 hadi 58. Na sasa swali lililo zito kuliko yote: gari la pili, lile la kilomita 80, litakuwa na mwendo gani litakapopita pale ambapo la kwanza limekwisha kusimama? Limetumia mita 22.2 kwa kushtuka tu, na limefunga breki kwa mita 5.5 zilizobaki. Kwa kanuni v² = u² − 2as tunapata karibu mita 20.4 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 73 kwa saa. Mtoto aliyesimama mahali hapo, kwa gari la kwanza angeogopa tu. Kwa gari la pili hakuna haja ya kueleza.

MAGARI YENYE MACHO

Tangu miaka ya 1990 vidhibiti vimeongezewa macho. Mwaka 1995 kampuni ya Mitsubishi iliuza nchini Japani gari lililopima kwa miali ya leza umbali wa gari lililotangulia, na mwaka 1999 Mercedes-Benz ilileta kidhibiti chenye rada. Kifaa cha namna hii hupunguza mwendo kikikuta gari la polepole mbele yake, kisha huurudisha njia ikiwa wazi. Hapa maana ya mwendo uliowekwa imebadilika: si mwendo utakaokwenda, bali ni mwendo wa juu utakaoruhusiwa.

Badiliko hilo huzaa mtego wake. Dereva aweka 80, akalifuata lori liendalo 50 kwa muda mrefu hata akasahau nambari aliyoiweka. Lori likikata kona kuingia kijijini, rada huona njia nyeupe, na gari hukimbilia 80 mahali ambapo watu wako wengi. Katika kona kali nako rada yaweza kulipoteza lori lililo mbele na kudhani limeondoka.

Baadhi ya magari mapya husoma pia vibao vya barabarani kwa kamera. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2024, magari yote mapya yanatakiwa kuwa na chombo cha kumtahadharisha dereva anayepita kikomo. Lakini kamera husoma nambari. Haisomi nia ya aliyeiandika. Imewahi kuonekana huko Ulaya kamera ikisoma kibandiko cha kikomo kilichobandikwa nyuma ya lori na kukidhani kuwa kibao cha barabara. Nasi tunajua jinsi magari ya abiria na malori yetu yalivyo na vibandiko vya 80 migongoni mwao.

YA KUZINGATIA

Kutokana na hayo, dereva na amfundishaye wakumbuke mambo manne. Kwanza, unapoingia mahali penye watu, zima kidhibiti kwa kitufe chake kikuu badala ya kutegemea breki peke yake. Katika magari mengi kuzima ndiko kunakofuta kumbukumbu. Pili, ukitaka kushika mwendo mpya baada ya breki, bonyeza SET, usibonyeze RES, isipokuwa umekwisha kutazama nambari iliyokumbukwa. Tatu, usikitumie kifaa hiki kwenye mvua, matope au changarawe: gurudumu likiteleza, kipimo huwa cha uongo, na mrejesho uliojengwa juu ya kipimo cha uongo hutenda uongo. Nne, ukibadilisha ukubwa wa tairi, jua kwamba umebadilisha pia spidomita.

Mashine haina hila. Hulifuata lengo ililopewa kwa uaminifu, hata lengo hilo likiwa limepitwa na wakati. Ni juu ya mtu kujua ni lengo gani ameliacha ndani ya mashine, na lini.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Tairi la baiskeli lina kipenyo cha sentimeta 66 na linazunguka mara 3 kwa sekunde. Tafuta mwendo wa baiskeli kwa kilomita kwa saa.

2. Kila mbonyezo wa kitufe huongeza kilomita 1.6 kwa saa. Gari liko kwenye kilomita 50. Ni mibonyezo mingapi inayohitajika ili lifike au kupita 80?

3. Kwa mujibu wa Kanuni ya 39, spidomita yaweza kuonyesha nambari gani ya juu kabisa gari linapokwenda kilomita 50 za kweli kwa saa?

4. Katika mfano wetu wa mlimani, mtendaji akiongeza newtoni 200 badala ya 100 kwa kila kilomita inayopungua, upungufu utakuwa kiasi gani? Eleza kwa nini hatuwezi kuendelea kuongeza ukali huo bila kikomo.

5. Fanyeni jaribio kwa tangi lenye boya. Pimeni usawa wa maji bomba likiwa limefungwa, likiwa wazi nusu, na likiwa wazi kabisa. Chora grafu na ueleze uhusiano wake na gari lipandalo mlima.

Majibu: (1) karibu 22.4; (2) mibonyezo 19; (3) 59; (4) kilomita 3.4 hivi kwa saa. Ukali ukizidi, gari litayumba kwa sababu injini huchelewa kuitikia.